Uzamili wa historia ya umma unamfaa anayetaka kazi ya makumbusho au nyaraka?

Swali, kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho

Ndugu zangu, namalizia shahada ya kwanza ya historia, na ninafikiria kuendelea na uzamili wa historia ya umma, yaani historia inayofanywa nje ya chuo kwa ajili ya watu wote, kwa matumaini ya kuajiriwa katika makumbusho au hifadhi ya nyaraka. Mhadhiri wangu mmoja anashikilia kwamba fani hii ni historia ile ile iliyovishwa jina jipya, na kwamba heri nisomee utunzaji wa kumbukumbu moja kwa moja. Naomba ushauri wa waliomo kazini.

Mtunza nyaraka

Mdogo wangu, mhadhiri wako hakukosea kabisa, ila hakukueleza yote. Programu ya kwanza iliyobeba jina hilo ilianzishwa mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, wakati wanahistoria wengi wa Marekani walipokuwa wakihitimu bila kupata nafasi za kufundisha, kwa hiyo tangu mwanzo nia ilikuwa kumwandaa mwanahistoria kwa kazi za nje ya chuo. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo "au" yako, kwa maana makumbusho na nyaraka ni kazi mbili.

Mwanahistoria hupanga taarifa zake kwa mada. Sisi hatuzipangi nyaraka hivyo. Tunaziweka pamoja kwa kufuata ofisi au mtu aliyezizalisha, kanuni iliyowekwa rasmi Ufaransa mwaka 1841, na kadiri inavyowezekana tunalinda mpangilio wake wa awali, kwa sababu mpangilio wenyewe ni ushahidi wa jinsi ofisi ilivyofanya kazi. Niliwahi kumpokea mhitimu hodari wa kuandika ambaye, kwa nia njema kabisa, alichanganya mafaili ya idara tatu ili barua zote za ardhi zikae mahali pamoja, na kuyarudisha kulituchukua wiki kadhaa. Mtaala usio na somo la upangaji na uelezaji wa nyaraka, wala la kumbukumbu za kidijitali, hautakufaa kwa upande wetu.

Mwandaa maonyesho

Kwa upande wa makumbusho, historia ya umma inafaa zaidi, mradi ifundishe kuandika kwa ufupi na kusikilizana na watu. Kueleza kifaa kwa maneno 50 ambayo mtoto na profesa wote watayaelewa ni kazi ngumu kuliko sura nzima ya tasnifu. Isitoshe, wenye historia yao huja na madai yao: huko Washington, onyesho lililopangwa kuhusu Enola Gay, ndege iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima, lilipingwa vikali na vyama vya maveterani hadi likafutwa mwanzoni mwa 1995, na mkurugenzi wa makumbusho akajiuzulu mwaka huo huo. Utafiti mzuri peke yake haukuwaokoa.

Mwanafunzi

Ahsanteni, wakubwa zangu. Sasa naona moyo wangu uko kwenye nyaraka. Nitajuaje kama mafunzo kwa vitendo yanayotangazwa na chuo ni ya kweli?

Mtunza nyaraka

Uliza ni mkusanyo gani wanafunzi waliotangulia waliupanga, kisha omba kuuona mwongozo wa mkusanyo huo, yaani maelezo ya yaliyomo na jinsi yalivyopangwa, walioutayarisha wao wenyewe. Wakikuonyesha picha za ziara tu, endelea kutafuta.