Safari ya kikundi ya kupiga picha za maporomoko: niende, au pesa niweke kwenye lenzi?

BintiTudor

Assalaam aleikum, hamjambo nyote.

Naomba ushauri, hasa kwa nyinyi mliotangulia kwenye picha za mandhari. Kazi yangu ni picha za harusi hapa Mombasa, na naipenda. Lakini kwa muda mrefu roho yangu imekuwa kwenye maji yanayoanguka. Sisi tumejaaliwa bahari. Maporomoko makubwa yako bara, na natamani sana kusimama mbele ya yale ya Thomson nikiwa na utulivu, si kupita tu kama mtalii.

Sasa kuna safari imetangazwa. Twapanda treni hadi Nairobi, kisha gari hadi Nyahururu yaliko Thomson, halafu hifadhi ya Aberdare kwa maporomoko ya Karuru na Chania, na njiani twasimama pale watu watazamapo Bonde la Ufa. Siku tatu, watu ishirini, mwalimu mmoja. Bei yake yakaribia ya lenzi pana ninayoidunduliza. Nina kamera, lenzi ya 18-55 na ile ya 50 ya harusini. Filta, vile vioo vya kuvalisha mbele ya lenzi, sina, na tripodi yangu ni ile nyepesi ya simu.

Katika watu ishirini, mtu ajifunza kweli? Tena nitakuwa mwanamke peke yangu kati ya watu nisiowajua, na mama hajaniridhia kwa moyo mmoja. Arbuni yatakiwa wiki ijayo. Mwaonaje?

Mzee wa Mandhari

Wa aleikum salaam, binti yangu. Usiulize mtaona maporomoko mangapi. Uliza mtafika kila pahali saa ngapi. Hilo ndilo litakuonyesha kama safari imepangwa na mpiga picha au na dereva.

Jua la saa sita likipiga maji meupe, yale maji yawa karatasi tupu kwenye picha, na miamba ya pembeni yawa myeusi. Utataka asubuhi mapema, au siku ya mawingu. Ukishaswali alfajiri, toka. Ukiambiwa mtafika Nyahururu saa saba mchana na kuondoka saa tisa, hiyo ni safari ya matembezi. Si vibaya, lakini bei yake isiwe ya mafunzo.

Thomson ni mita 74, na kuna ngazi za kushuka hadi chini. Kushuka, kutafuta pahali pa kusimama, kungoja wenzako watoke mbele ya lenzi yako, kisha kupanda tena kwenye hewa nyembamba ya mwinuko wa zaidi ya mita 2,300: sisi wa pwani twahema. Karuru ni jambo jingine. Ni mita 273, yashuka kwa vidato vitatu, na huyapigi kutoka chini. Wasimama ng'ambo na kuyatazama yote. Ukungu ukikaa huoni kitu mpaka uondoke wenyewe. Kwa hiyo safari nzuri huacha nafasi ya kungoja. Maporomoko mawili kwa utulivu ni bora kuliko matano mbio mbio.

LikoniKwale

Dada, kabla ya kwenda Nyahururu, umeshafika maporomoko ya Sheldrick? Yako Shimba Hills, hapo Kwale tu, kama mita 21 hivi. Wavuka feri asubuhi na jioni uko kwako. Wateremka kwa miguu na askari wa wanyamapori kama kilomita mbili, maana ndovu wamo, na kupanda kurudi ndiko kwenye kazi. Malipo ya kuingia ni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, yamalize nyumbani. Bahati ikiwa yako utawaona palahala, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma. Kote Kenya wanaishi hapo tu.

Mimi naona ukajizoeze huko kwanza. Huko Nyahururu usiende kujifunza kufunga tripodi.

FundiLenzi

Kuhusu vifaa nitasema wazi: lenzi ngoja. Hiyo 18-55 kwenye 18, yaani upana wake wote, yatosha kabisa kwa maporomoko. Kinachokukosesha picha ni tripodi na filta, na vyote viwili kwa pamoja ni rahisi kwa bei kuliko lenzi pana.

Yale maji laini kama hariri yatoka kwenye shata, kile kilango cha kamera kipitishacho mwanga, iliyoachwa wazi muda mrefu. Weka ISO 100 ili kamera isinase mwanga upesi, na tundu la lenzi liwe dogo, f/8 au f/11. Kivulini huenda ukapata shata ya 1/30 ya sekunde, nayo haitoshi. Filta ya ND64, kile kioo cheusi, yapunguza mwanga mara 64, basi ile 1/30 yawa kama sekunde 2. Lakini usidhani ndefu zaidi ndiyo nzuri zaidi. Maji yenye nguvu nayapenda kwenye nusu sekunde au robo, uzi wa maji uonekane bado. Ukizidisha yawa moshi, nguvu yote imepotea. Filta ya kuondoa mng'aro nayo chukua: majani na mawe yaliyolowa yarudisha rangi yake. Tumia kipima muda cha sekunde 2 usitikise kamera kwa kidole.

Vitambaa chukua vingi, rasharasha haina huruma. Na ukirudi Mombasa kutoka kwenye baridi, usiifungue kamera papo hapo. Iache ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto, la sivyo unyevu wa huku utaganda kwenye kioo, na lenzi ikikaa na unyevu huota ukungu.

MamaSafari

Mwanangu, mama yako ana haki. Uliza wanawake ni wangapi na mtalala vipi vyumbani. Uliza kama mwandalizi ana leseni ya mamlaka ya kudhibiti utalii, kisha uione, usitosheke na maneno. Arbuni lipa kwa namba ya biashara, si simu ya mtu binafsi, na masharti ya kurudishiwa yawe kwa maandishi: njia za Aberdare mvua ikinyesha ni matope, huenda msiingie. Kisha mpe mama namba ya kiongozi waongee wenyewe. Mama akisikia sauti ya mtu hutulia.

Kisauni_Picha

Mimi nasema aende. Kwenye kikundi nilijifunza zaidi kwa wenzangu kuliko kwa mwalimu. Wasimama na mtu pahali pamoja, maji yale yale, naye atoa picha ambayo hukuiona. Hilo video za mtandaoni hazikupi. Ila droni iache nyumbani, hata mtu akikwambia "njoo nayo tu": yataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na hifadhini kibali kingine.

BintiTudor

Ahsanteni sana, Mola awalipe. Nimempigia mwandalizi na kumuuliza yote. Nyahururu twafika mchana, lakini twalala huko huko, na amekubali wanaotaka wateremke alfajiri na mwalimu kabla ya kifungua kinywa. Wanawake tuko saba. Leseni nimeiona, na mama ameongea naye.

Nitaenda. Lenzi itangoja, tripodi na filta nanunua wiki hii, na Jumamosi nataka Sheldrick. LikoniKwale, waweza kuniongoza? Nitakuja na dada yangu.

LikoniKwale

Karibuni. Nami nitakuja na mke wangu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ng'ambo ya feri upande wa Likoni. Viatu vya kushika, si ndara, na maji ya kunywa ya kutosha.