Chumba cha giza kwa gharama ndogo, Tanga

Swali, kutoka Ngamiani
Habari zenu, ndugu. Nina stoo isiyo na dirisha ambayo ninataka kuigeuza kuwa chumba cha kusafishia filamu na kuchapa picha nyeusi na nyeupe. Je, nianze kununua nini, na joto letu la pwani halitaharibu kazi?

Jibu, kutoka Chumbageni
Usianze na mashine ya kukuzia picha, kwa kuwa ndiyo inayomaliza fedha. Nunua tangi la filamu, yaani chombo kisichopitisha mwanga cha kusafishia filamu, na kipimajoto. Karatasi ya picha ukiilaza chini ya negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, ukaigandamiza kwa kioo kizito na kuimulika kwa balbu ya kawaida kwa sekunde chache, utapata picha yenye ukubwa wa negativu. Kisha kaa ndani dakika 10 bila taa: macho yakishazoea giza, utaona kila upenyo wa kuziba.

Jibu, kutoka Raskazoni
Joto ndilo la kushughulikia zaidi. Muda wa dawa ya kusafishia filamu kwa kawaida huandikwa kwa nyuzi 20, nayo maji yetu ya bomba huzidi hapo. Weka chupa katika beseni la maji ya barafu hadi dawa ifike nyuzi 24, ambapo kazi ya dakika 10 huhitaji takriban 7. Taa nyekundu inafaa kwa karatasi tu. Filamu itie tangini katika giza totoro. Tafadhali, dawa ya kukazia picha iliyotumika ina madini ya fedha yaliyoyeyuka, hivyo usiimwage karibu na kisima.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Nitaanza na tangi na kioo.