Mrejesho: modeli ya kuambukizwa tena imekubali

Habari zenu wakuu. Niliuliza kwa nini modeli yangu ya UVIKO-19 (hesabu zinazoiga jinsi ugonjwa unavyoenea) inazima ugonjwa kabisa baada ya wimbi moja, ilhali watu waliugua tena na tena. Mkanijibu kuwa kwenye makundi yangu matatu (walio hatarini kuambukizwa, wagonjwa na waliopona) aliyepona hana njia ya kurudi kwa walio hatarini, maana kinga nimeifanya ya milele.

Nimeongeza njia hiyo. Mwanzoni jumla ya watu ikawa inapungua kila siku: nilikuwa nawatoa kwa waliopona bila kuwaingiza popote! Aliyeshauri nijumlishe makundi yote kila hatua, asante sana, ndipo nilipoliona kosa.

Nimeweka R0 (idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza kwa wastani wakati wote bado hawana kinga) = 2, kuugua siku 10, kinga siku 190 kwa wastani. Mawimbi yanafifia, kisha mchoro unatulia kwenye asilimia 2.5 ya watu wakiwa wagonjwa. Nikakokotoa kwa mkono: (1 − 1/2) × 10/200, ambapo 200 ni 10 + 190, jibu lile lile. Nilifurahi mno. Kinga ikiwa siku 90 tu, inafika asilimia 5.

Sasa naingiza kinga pungufu, aliyepona aambukizike kwa uwezekano mdogo zaidi.