Nilipe nyumba yote kwa mkupuo nibaki na milioni 2, au nisubiri?

Mpangaji wa Tabata
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, jambo hili linaninyima usingizi.

Mimi na mke wangu tumepanga Tabata, tuna mtoto mmoja na wa pili tunamtarajia Desemba. Tumedunduliza hadi tumefikisha milioni 47. Chanika tumepata nyumba ya vyumba vitatu, umeme upo, ila maji hayajavutwa na haina uzio. Mwenyewe anataka milioni 45, mkupuo mmoja. Mimi nina mkataba wa mwaka mmoja mmoja kwenye kampuni binafsi, mke ana duka la nguo za watoto. Wazee wanasema lipa, hela nyingine Mungu ataleta. Mke anaogopa. Nyie mngefanyaje?

Baba Wawili
Lipa mkuu. Ile kodi mliyokuwa mnampa mwenye nyumba ndiyo itakuwa akiba yenu.

Bi Hesabu
Kodi mtakayookoa inakuja mwezi kwa mwezi, dharura inakuja siku moja. Halafu 45 siyo bei ya mwisho. Wakili anataka chake, ushuru wa stempu ni asilimia 1, na wauzaji wengi humtupia mnunuzi kodi ya ongezeko la mtaji (kodi ya faida anayopata anayeuza mali) wakati kisheria ni ya muuzaji. Hapo hujavuta maji wala hujaweka geti. Hizo milioni 2 zitaisha kabla hamjamaliza kupanga vyombo.

Pigeni hesabu ya matumizi ya mwezi mzima, pamoja na nauli mpya ya kutoka Chanika na mzazi mnayemtumia kijijini, mzidishe mara sita. Hiyo isiguswe. Inayobaki ndiyo hela ya nyumba.

Mpangaji wa Tabata
Tunatumia kama laki tisa bila kodi, kwa hiyo milioni 5.4. Nilikuwa nategemea fao la kukosa ajira la NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, na kikoba cha mke, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa.

Mzee wa Pugu
Kijana wangu, fao hilo ni theluthi ya mshahara kwa miezi 6, na ukiacha kazi kwa hiari yako hulipati. Litapunguza makali tu. Kikoba nacho, hisa zenu ziko mikononi mwa waliokopa mpaka mvunje. Hiyo akiba ningeiweka sehemu kubwa Mfuko wa Ukwasi wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, unatoa ndani ya siku chache za kazi, na laki kadhaa zikae kwenye simu kwa ajili ya usiku wa manane.

Mama Duka
Shemeji, naomba nimsemee mkeo. Akiba ikiisha, kinachofuata kuliwa ni mtaji wa duka. Mtoto akilazwa mnachukua hela ya mzigo, mwezi unaofuata duka halina bidhaa, na hapo mna shida mbili badala ya moja. Nimeona maduka mengi yakifa hivyo, na wenyewe wana nyumba nzuri kabisa. Na yeye atakuwa kwenye uzazi, duka litapunguza mauzo hata likiwa na mzigo. Msikilize.

Bi Hesabu
Swali muhimu: ina hati, au ni karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa?

Mpangaji wa Tabata
Mauziano tu.

Bi Hesabu
Basi hata ukikwama, si rahisi benki ikubali kukukopesha kwa dhamana ya nyumba hiyo, na huwezi kuuza chumba kimoja ulipe hospitali. Mwambie muuzaji unalipa 38 sasa, ninyi mbaki na 9 za akiba na gharama nyingine, 7 kwa awamu ndani ya miezi minane, mkataba uandikwe kwa wakili na mke au mume wa kila upande asaini. Majirani wathibitishe mipaka. Akikataa kabisa, mwache apate mteja mwingine. Chanika bado kuna nyumba.

Mpangaji wa Tabata
Nashukuru sana, nimemsomea mke jibu la Mama Duka. Jumamosi tunakwenda kwa muuzaji na hiyo 38. Akitaka 40, nikubali au nibaki hapo hapo?

Mama Duka
Bakini hapo. Hizo mbili ni za kujifungulia.