Mjadala: Watoto wanaosikia nao wafundishwe lugha ya ishara shule ya msingi?

Mwanzilishi: Katiba ya 2010, kifungu cha 120, inataja lugha tatu rasmi za Bunge la Kenya: Kiswahili, Kiingereza na lugha ya ishara ya Kenya. Mbili za kwanza mtoto huanza kuzisoma kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ya tatu tumewaachia viziwi, ambao huisoma badala ya Kiswahili. Mtoto kiziwi akirudi nyumbani azungumze na nani? Mtaani kwetu yupo kijana wa shule ya bweni ya viziwi. Likizo nzima anakaa mlangoni akitazama wenzake wakicheza bano. Hawamchukii, ila wanachojua ni kumwonyesha kidole gumba na kumwita aje kula. Naunga mkono: gredi ya 1 hadi ya 3, vipindi viwili kwa wiki, bila mtihani.

Mwalimu wa gredi ya 2: Ndugu yangu, wewe hujawahi kushika chaki. Nina watoto 70 darasani, hivyo vipindi viwili nivitoe wapi? Na nani atafundisha? Mimi nilipata semina ya siku mbili, najua kutaja herufi kwa vidole basi. Nikiingia darasani nitafundisha makosa.

Mwanzilishi: La vipindi tutabishana, mwalimu. La makosa umenishika.

Dada wa Kisumu: Mimi ni kiziwi. Mwalimu kasema kweli. Herufi za vidole si lugha. Ni sawa na mtu ajue a-e-i-o-u adai anajua Kiswahili. Ishara zina sarufi yake, na uso nao unasema: nikiinua nyusi nimeuliza, nisipoinua nimeeleza. Hofu yangu ni watoto wafundishwe Kiswahili cha mikono, yaani sentensi za Kiswahili neno kwa neno kwa ishara, kisha sisi tuambiwe ndio tunaokosea. Mwaka 1880 kule Milan walimu walikutana, karibu wote wanaosikia, wakaazimia viziwi wafundishwe kwa kusema kwa mdomo. Athari yake ilifika mbali sana na Italia. Kwa hiyo mwalimu wa somo hili awe kiziwi, la sivyo msilianzishe. Na mwache kutuita mabubu.

Mwalimu wa gredi ya 2: Sawa dada, nimekuelewa. Lakini kwenye kikao cha walimu tutaelewana naye vipi?

Dada wa Kisumu: Mwandikieni kwenye karatasi. Mimi nilisoma hivyo miaka minane.