Naomba ushauri: kifungua kinywa cha haraka kwa watoto, natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri

MamaChanika
Habari zenu wakuu. Naishi Chanika, kibarua changu kiko Posta, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri niwe kituoni. Nina watoto wawili wa shule, miaka 7 na 4, basi linawapitia saa kumi na mbili kasorobo. Jikoni nina dakika ishirini tu. Wanakunywa chai ya rangi na mkate mkavu, na ikifika saa nne mwalimu anasema mkubwa anasinzia darasani. Nataka vitu vya haraka, vyenye afya, visivyomaliza gesi. Naomba msinishauri niache kazi.

MpishiWaZamu
Dakika ishirini zinatosha, ila nusu ya kazi imalizike usiku. Jaribu chapati za maji. Usiku pima vikombe viwili vya unga wa ngano, robo kijiko cha chai cha chumvi, funika. Kwaruza karoti moja, weka kwenye friji. Asubuhi tia mayai mawili na vikombe viwili vya maji, koroga mpaka mabonge yaishe, changanya na karoti. Ukimimina, rojo litambae lenyewe. Lisipotambaa ongeza maji kidogo kidogo, maana likiwa zito katikati panabaki pabichi huku kingo zinaungua. Kikaango kipate moto kwanza: dondosha tone la maji, likirukaruka ndipo umimine. Kikiwa baridi, ya kwanza itang'ang'ania na utaivuruga.

Siku ambayo hutaki kukaanga, chemsha mayai usiku dakika kumi, usimenye, weka kwenye friji. Yakiwa na maganda yake yanakaa hadi wiki. Yai, ndizi mbivu, basi, mtoto ameshiba na jiko hujaliwasha. Viazi vitamu vilivyochemshwa jana vinapashwa na vijiko vitatu vya maji, sufuria ikifunikwa vizuri, dakika nne.

BabaWatatu
Mtoto wa miaka 4 kuamshwa saa kumi na moja ni kumwonea. Hapo tatizo siyo mkate, ni shule ya mbali. Wazazi tunashindania mabasi ya njano huku shule ya jirani ipo. Anasinzia kwa sababu hajalala, hata umpe supu ya kongoro atasinzia.

NesiWaMtaa
Usingizi ni kweli, ila na hiyo chai ya rangi iondoke mezani. Majani ya chai yanazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula, hasa cha mimea. Ukimpa maharage au uji wa ulezi kisha chai juu yake, umetoa kwa mkono huu na kunyang'anya kwa ule. Badala yake mpe chungwa au pera pamoja na mlo, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Na mkubwa apimwe wingi wa damu, usikisie.

Nina swali. Umesema visivyomaliza gesi. Mkate na chai ya rangi havimalizi gesi ya mtu. Kuna kitu kingine kinapikwa humo ndani, ni nini na anakula nani?

MamaChanika
Ni uji. Napika saa tatu usiku, natia kwenye chupa ya chai. Dada anampa mdogo saa mbili asubuhi na unaobaki saa tano.

NesiWaMtaa
Mdogo yupi? Wa miaka 4 si yuko shule?

MamaChanika
Yupo wa tatu, ana miezi tisa. Ila swali langu lilikuwa la wale wa shule.

MzeeWaUlezi
Kwa uji mniachie mimi. Wengi wanapika uji mwepesi kama maji ili mtoto ameze, tumbo linajaa maji, nguvu hamna. Dawa yake ni kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, funika kwa kitambaa kibichi siku mbili tatu mpaka uchipue, anika ukauke kabisa, saga. Pika uji mzito. Utoe motoni, usubiri upoe kiasi cha kuvumilika kidoleni, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea kwa kila kikombe, koroga. Ndani ya dakika kumi uji mzito unalainika wenyewe. Kisha urudishe motoni uchemke tena, kwa kuwa mbegu iliyochipua inabeba vijidudu. Kosa la wengi ni kutia kimea uji ukiwa unatokota: joto hilo linaua nguvu ya kimea na uji haulainiki.

Shangazi_Tanga
Na umtilie asali kijiko kimoja, inampa nguvu na inazuia kikohozi.

NesiWaMtaa
Hapana, shangazi. Asali kwa mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja hairuhusiwi hata kwa kulamba. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha misuli, na utumbo wa mtoto mchanga hauna uwezo wa kuzizuia. Kwenye uji haihitajiki, ponda ndizi mbivu.

MamaChanika, rudi kwenye chupa. Saa tatu usiku hadi saa tano asubuhi ni saa kumi na nne. Uji ukifika asubuhi ni wa moto au wa vuguvugu?

MamaChanika
Vuguvugu, ndiyo vizuri, dada hahangaiki kupoza. Chupa ni mpya, nimenunua ya bei, siyo hizi za mnadani. Na uji nauchemsha kweli kweli. Hata mama mkwe alikuwa anafanya hivyo.

NesiWaMtaa
Hilo vuguvugu ndilo tatizo, na chupa nzuri inalirefusha. Chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 au chini ya nyuzi 5. Katikati hapo bakteria wanazaliana. Wapo wanaoacha mbegu ambazo hazifi kwa kuchemsha, zinasubiri uji ushuke joto ziamke. Na sumu ambayo baadhi yao wanatoa haiondoki ukipasha tena. Ameharisha?

MamaChanika
Mara mbili mwezi huu. Nikajua ni meno.

NesiWaMtaa
Meno hayaharishi. Mpeleke kliniki na kadi yake, wamwone na uzito. Akiharisha anyonyeshwe zaidi, apewe ORS (ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini), na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Damu kwenye choo, macho kuzama, kushindwa kunyonya: hapo usingoje asubuhi.

Uji sasa. Usiku pima unga mkavu vijiko vitatu vya chakula, weka kwenye kikombe chenye kifuniko. Dada aukoroge na maji baridi kidogo ya kunywa, amimine kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku anakoroga, moto mdogo dakika kumi na tano. Apike wa mara moja. Wa saa tano upikwe saa tano.

MamaChanika
Dada ana miaka 18, naogopa kumwachia gesi na mtoto mgongoni. Na mkisema nibadili unga pia nitashindwa, nimeshalipia kilo 10 za lishe kwa jirani, ina aina kumi na mbili.

Mchunguzi_255
Wakuu tunanyweshwa chai hapa. Posti ya kwanza watoto wawili, sasa watatu. Kwanza gesi inaisha, sasa dada haruhusiwi kugusa gesi, na dada huyohuyo ndiye analisha. Akaunti ina siku nne. Sasa limeingia gunia la lishe "aina kumi na mbili". Subirini, posti inayofuata ni namba ya WhatsApp na bei ya kilo.

BabaWatatu
Nilihisi. Hawa wa lishe wanaanza hivihivi, na kilio cha mtoto.

MpishiWaZamu
Hata kama ni chai, majibu yaliyotolewa ni ya kweli, mwingine atayatumia. Kwa habari ya dada, mtoto ashuke mgongoni, awekwe mkekani mbali na jiko, hapo ndipo mtu apike. Hilo ni la kufundishwa Jumamosi moja ukiwepo.

MamaChanika
Siuzi kitu. Sikumtaja mdogo kwa sababu nilijua nitaulizwa kwa nini nimerudi kazini mapema, na kuhusu chupa nilishakuwa na wasiwasi. Kama ningekuwa nauza huo unga nisingewaambia hiki: tangu juzi una uchungu kwa mbali na unakereketa kooni. Nilidhani ni ulezi.

FundiMashine
Ulezi haukereketi. Orodhesha vilivyomo.

MamaChanika
Mahindi, ulezi, mtama, uwele, mchele, ngano, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, maharage, dagaa.

FundiMashine
Karanga, ufuta na mbegu za maboga zina mafuta. Ukishazisaga mafuta yanakutana na hewa, kwenye joto la Dar unga unachacha ndani ya wiki chache, ndiyo huo mkereketo. Soya ikisagwa bila kuchemshwa kwanza dakika ishirini hivi na kukaushwa, inamkwaza mtoto tumbo na kumjaza gesi. Na karanga au mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yanaota kuvu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo Dodoma na Manyara, kwa mahindi ya nyumbani kwao. Sumukuvu haina ladha ya kukuonya, na haiondoki kwa kupika.

Saga upya kidogo: ulezi au mahindi yasiyokobolewa kilo tatu, soya iliyoandaliwa kilo moja, basi. Karanga chagua moja moja, tupa zilizosinyaa na zenye rangi, kaanga, saga laini kwenye kopo, tia kijiko cha chai wakati uji unaiva. Dagaa hivyohivyo, peke yake.

MamaChanika
Zimebaki kama kilo saba. Siwezi kumrudishia, tunaishi uzio mmoja. Nimpe hata kwa kuku wake?

FundiMashine
Usimpe. Kuku wanadhurika nao, na bata ndio kabisa. Mwaka 1960 Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa chakula cha karanga zenye kuvu, ndipo sumukuvu ikajulikana. Chimba shimo ufukie. Mfuko nao usiutumie tena kwa unga mwingine.