Mjadala: Mafunzo ya maopereta wa vinu vya nyuklia, apange serikali au kampuni zenyewe?

Mleta mada:
Wakuu habari zenu. Naomba tulijadili hili bila povu. Nani apange opereta wa kinu cha nyuklia asome nini na apimwe tena lini, serikali kwa sheria yenye meno au kampuni za umeme kupitia chama chao? Mi nasema serikali, na nachukua mfano wa Marekani maana wenzetu wameshapita njia zote mbili.

Kinu cha Three Mile Island, Pennsylvania, 28 Machi 1979, saa kumi alfajiri. Valvu ya kupunguza presha inafunguka halafu inagoma kujifunga, ila kwenye paneli taa yake imezima, maopereta wakajua imefunga. Kumbe ile taa ilikuwa inaonyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa, valvu yenyewe iko wazi! Maji yakatoka zaidi ya masaa mawili, alamu zaidi ya mia zinalia kwa pamoja, na jamaa wakapunguza maji ya dharura kwa sababu kipimo kilisema yamejaa na darasani walikaririshwa kuogopa mtambo kujaa maji kabisa. Karibu nusu ya kiini, yaani sehemu yenye fueli ya nyuklia, ikayeyuka. Kinachouma zaidi, Septemba 1977 kwenye kinu cha Davis-Besse, Ohio, valvu kama hiyo ilikwama hivyohivyo wakaiwahi, lakini hilo somo halikuwafikia wa Pennsylvania.

Desemba 1979 kampuni zikaunda chama chao, INPO. Mwaka 1982 Bunge la Marekani likaiagiza tume ya serikali, NRC, iweke masharti ya mafunzo. NRC ikafanya nini? 1985 ikatoa tamko la sera, yaani INPO wakague na kuidhinisha, sisi tutaangalia. Public Citizen, shirika la kutetea wananchi, wakaenda mahakamani, 1990 mahakama ya rufaa ikasema tamko halitoshi, sheria ilitaka masharti ya lazima. Kanuni ikatoka 1993. Miaka 11 wakuu! Ni kama kukiachia chama cha wenye daladala kipitishe madereva halafu trafiki abaki kupunga mkono.

Mchangiaji 1:
Mkuu umeruka pabaya. Hao maopereta wa 1979 walikuwa na leseni za serikali, na tume ya Kemeny iliyochunguza ajali ilisema mafunzo yao yalikidhi viwango vya NRC vya wakati ule. Sheria ilikuwepo, waliifuata, kinu kikayeyuka. Kampuni ikipewa kiwango cha chini na serikali inafika hapohapo inasimama.

INPO wanaumiza kwenye mfuko na kwenye aibu. Wanakupa daraja la ubora, likiwa baya na bima inapanda, na wakubwa wenzako wote wanajua. Kinu cha Peach Bottom, hukohuko Pennsylvania, maopereta walikutwa wamelala kazini 1987, INPO wakaikalia kooni kampuni mpaka 1988 mwenyekiti na rais wake wakaondoka. Ofisa gani wa serikali anaweza hivyo?

Mleta mada:
Asante mkuu, ila Peach Bottom nani alikifunga? NRC, kwa amri ya 31 Machi 1987. Chama hakina mamlaka ya kuzima kinu cha mtu. Na ripoti za INPO ni siri, mwananchi anayeishi jirani na mtambo hazioni. Aibu ya wakubwa kwa wakubwa mimi jirani inanisaidia nini?

Mchangiaji 2:
Nyie mnabishania nani apange, mi naona swali ni anafundishiwa nini. Maopereta wa Three Mile Island walikuwa wanapelekwa Lynchburg, Virginia, kwenye simuleta (chumba cha mazoezi kinachoiga kinu) ya watengenezaji wa kinu, na ile simuleta haikuweza kabisa kuonyesha kipimo cha maji kinapanda huku presha inashuka. Yaani kilichowapata siku ile hawajawahi kukiona hata kwa mazoezi, sasa ungempa mtihani gani?

Leo mtu anafanyia kwenye simuleta inayofanana na chumba chake cha kazi swichi kwa swichi, mwalimu yuko nyuma ya kioo anawaharibia pampu wakati hawajajiandaa. Msimamizi anatoa amri, opereta anairudia neno kwa neno, msimamizi anasema sawa ndo mkono unagusa swichi. Shifti nzima inarudi mazoezini kila baada ya wiki tano sita hivi. Na hiyo simuleta ililazimishwa na kanuni ya NRC ya 1987, kwa hilo niko na mleta mada.

Mchangiaji 3:
Na digrii je? Mi nashangaa mtu anashika kinu na cheti cha sekondari.

Mchangiaji 2:
NRC walilijadili miaka kibao wakaliacha 1989. Ukidai digrii kwa kila msimamizi unawafungia njia wale waliopanda kutoka chini, wanaojua kila bomba lilipo. Badala yake baada ya ajali waliweka mshauri mwenye elimu ya uhandisi kwenye kila shifti.

Mchangiaji 4 (Kilifi):
Haya yanatuhusu, hapa kwetu Uyombo tulipinga mtambo wa nyuklia tukaambiwa kila kitu ni salama. Kenya kuna NuPEA ya kuutangaza na KNRA ya kudhibiti, sawa, lakini sisi hatuna hata kampuni mbili za kuoneana aibu. Chama cha wenzao kitatoka wapi?

Mchangiaji 1:
Hapo umenibana. INPO ilifanya kazi kwa sababu vinu vilikuwa vingi na wenyewe tofauti. Nchi yenye mtambo mmoja, mwenyewe ni serikali na mkaguzi ni serikali... mi ningetaka wakaguzi wa nje waje, WANO (chama cha dunia cha wenye vinu) na IAEA (shirika la kimataifa la nyuklia), na ripoti iwekwe wazi.

Mleta mada:
Ripoti wazi hata mimi nasaini. Ila IAEA wakija wanashauri tu mkuu, leseni ya opereta anainyang'anya nani?